Haki ya Jirani na Kuku wa Uani

Siku moja baada ya sala ya alasiri, nilipokuwa nimeketi barazani kwetu hapa Changamwe, nyuma kidogo ya barabara ambayo malori ya makontena huipita usiku na mchana, alinijia mama mmoja wa jirani, mjane mwenye kulea wajukuu watatu, akiwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Tulisalimiana, tukaulizana hali za nyumbani kama ilivyo ada, kisha akanipa karatasi ile na kuniambia: "Mwalimu, nisomee, halafu uniambie kama nimefanya dhambi." Ilikuwa ni ilani ya kumtaka awaondoe kuku wake, matetea saba na jogoo mmoja, katika muda wa siku kumi na nne, kwa kuwa kufuga mahali pa makazi kumehesabiwa kuwa ni adha kwa umma. Ilani niliielewa upesi, lakini swali lake lilinikalisha pale pale mpaka adhana ya magharibi. Hakuniuliza kama amevunja sheria. Aliniuliza kama amefanya dhambi, na ijapokuwa watu wa mjini tumezoea kuyatia mambo hayo mawili katika kapu moja, yeye ambaye hakusoma ila chuoni aliyatenga kwa ufasaha kuliko aliyeiandika ile karatasi.

Aliyeshitaki nilimjua bila ya kuambiwa. Ukuta kwa ukuta na mama huyu amepanga kijana mmoja anayefanya kazi za zamu bandarini, naye hurudi kwake alfajiri wakati wenzake wanapotoka. Jogoo wa mama hakuwa mwenye kuwika alfajiri tu, kama watungaji wa mashairi wanavyompendelea kumsifu. Aliwika saa tatu, akawika saa tano, na jua lilipokuwa utosini aliwika tena, kwa sababu jogoo huwika kutangaza milki yake kwa majogoo wengine, si kwa ajili ya kutuhesabia sisi saa. Nilikwenda kumwona kijana yule siku ya pili yake. Alinipokea kwa heshima, akanitolea kiti, akasema: "Mwalimu, mimi sina chuki na Mama. Nina usingizi." Nikaona kwamba nimesimama baina ya haki mbili, kila moja imekuja na mashahidi wake, na kwamba mtu akitaka kuhukumu kwa insafu hana budi aanze mbali kidogo na ile karatasi.

Niseme kwanza nia yangu, ili msomaji asije akadhani nimeificha. Nataka kuku wa uani wahalalishwe katika Mombasa, na hasa katika huku bara ya magharibi, kwa sheria iliyoandikwa na yenye masharti ya wazi. Na ninataka jambo hilo lipelekwe mbele ya Bunge la Kaunti kwa ombi lililotiwa saini na wakazi, kama Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inavyompa kila mtu haki ya kuomba. Lakini sitaki ushindi wa kuwapiga majirani kwa rungu la haki. Mwenye kuku akishinda kwa namna hiyo atapata mayai na kupoteza salamu.

Sheria kongwe ya nchi katika jambo hili ina busara ambayo wengi wanaoitekeleza hawakuisoma vizuri. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo imekuwa ikitumika tangu 1921, katika kifungu chake cha 118 haimtaji kuku kuwa ni adha kwa dhati yake. Maana ya maneno yake ni kwamba zizi, au jengo, au mahali popote panapowekwa wanyama au ndege huwa ni adha pale panapojengwa, au kutumiwa, au kutunzwa kwa jinsi ya kuudhi au ya kuhatarisha afya. Adha basi imefungamanishwa na utunzaji, na utunzaji ni tendo la mwanadamu. Walakini tangu zama za mabaraza ya miji, utawala wetu umezoea kumtazama mnyama wa kufugwa aliyeko mjini kama mgeni asiye na cheti: wa tajiri, nyuma ya ukuta mrefu, haulizwi, na wa maskini, ambaye ukuta wake ni makuti au mabati, huulizwa kila apitapo mwenye mamlaka. Katiba ya 2010, katika ibara ya 43, imempa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Na jedwali lake la nne limeziachia kaunti mambo ya ufugaji, na papo hapo likaziachia kaunti hizo hizo kuzuia makelele na kero nyingine za umma. Mkono mmoja umepewa kuku na kilio cha jirani vyote viwili. Sioni kuwa hilo ni kosa la waandishi wa Katiba, maana ndivyo ulivyo mkono wa kila mtu akaaye na wenziwe.

Katika mji wa Kiswahili wa kale swali hili halikuwa na pa kuota. Jina la Changamwe lenyewe ni la moja katika mataifa matatu, Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, ambao pamoja na Tisa Taifa ndio wenyeji wa Mombasa. Na nyumba za wazee hao, ziwe za mawe au za udongo, zilikuwa na kitu kimoja kisichokosekana, nacho ni ua. Uani ndiko kulikokuwa na jiko, na mtungi, na kinu, na mpapai, na tundu la kuku. Mgeni alipobisha hodi bila ya kutazamiwa, heshima ya mwenye nyumba ilikuwa ikitembea kwa miguu miwili huko nyuma, ikisubiri kukimbizwa na watoto. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na ua nyuma, ambayo bado utaiona Magongo na Chaani, imeurithi mpango ule. Lakini sasa kila chumba kina jamaa wake, na ua uliokuwa wa familia moja umekuwa wa familia sita zisizochaguana. Hapo ndipo mabadiliko yalipo. Kuku hakubadilika, na uchafu wake ni ule ule. Kilichobadilika ni idadi ya watu wenye haki ya kuukasirikia.

Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani hii, wana kanuni mashuhuri iliyotokana na hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie: pasiwe na kudhuru wala kulipizana madhara. Kijana wa zamu akiishika kanuni hii amekwisha kushinda nusu ya kesi yake, maana usingizi wa mfanyakazi ni mali yake, na anayemwibia amemdhuru. Lakini kanuni hiyo ina ncha mbili. Kumwondolea mjane kitoweo cha wajukuu na senti za daftari zao ni dhara nalo, na haifai dhara liondolewe kwa dhara lililo mfano wake au kubwa kuliko lenyewe. Basi kanuni imetufikisha mlangoni, imetuacha hapo. Ili kuingia ndani nilikwenda kutafuta kwa Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, kwenye mlango wa haki za ujirani, na huko nikakuta mambo mawili ambayo tangu siku ile hayajaniondoka.

La kwanza ni kwamba haki ya jirani, kwa kauli yake, haiishii katika kujizuia usimwudhi. Inafika mpaka kuyavumilia maudhi yake. Nilipoyasoma hayo nilifurahi, nikadhani nimempatia mama hoja ya kukata mzizi wa fitina: kijana na avumilie, ndio ujirani! Nikainuka nusu ya kwenda kumwambia. Kisha nikaketi tena, kwa kuwa niliona nimekishika kisu kwa upande wa makali. Uvumilivu ni hidaya, na hidaya haidaiwi. Aliyeudhiwa akivumilia amepata thawabu. Aliyeudhi akimwamrisha mwenziwe avumilie amezidisha dhulma juu ya adha. Maneno ya Imamu yalimhusu kijana na Mola wake, akiyasoma mwenyewe usiku wa mapumziko yake, wala mimi sikuwa na ruhusa ya kuyachukua kutoka huko na kuyatundika mlangoni pake kama ilani nyingine.

La pili ni kisa kifupi. Mtu mmoja alilalamika kwamba nyumba yake imejaa panya. Akaulizwa: mbona hufugi paka? Akajibu kwamba anachelea panya wakisikia sauti ya paka watakimbilia nyumba za majirani, akawa amewapendelea wenziwe kitu asichokipendelea nafsi yake. Kisa hiki watu hukisimulia ili kuonyesha wema wa mtu mmoja, nami nilikuwa nikikisimulia hivyo hivyo. Lakini nilipokuwa nikikitafakari na ile ilani mkononi, nilitambua kwamba kinaweza kuulizwa kwa mji mzima: mji unapoliondoa jambo linaloudhi, hulipeleka wapi?

Kwani mji ukipiga marufuku kuku wa uani hauachi kula mayai. Kila asubuhi trei za mayai huteremshwa Magongo na Mikindani zikitoka mabanda ya mbali, mengine katika kaunti za bara kama Kiambu, na huko nako kuna mavi ya kuku, na harufu, na nzi, na majirani. Sisi tumefuga paka, na panya wetu wamehamia kwao. Na anayedhurika zaidi katika hijra hiyo ni ndege mwenyewe. Katika ufugaji wa vizimba vya waya, ambao Umoja wa Ulaya uliupiga marufuku kwa vile vya aina ya kale tangu 2012 na ambao katika nchi yetu umeanza kuenea, kuku huishi juu ya nafasi isiyofikia ukubwa wa karatasi moja ya kuandikia barua. Hana udongo wa kupekua, hana vumbi la kuoga, hana pembe ya kujificha anapotaka kutaga. Tumefundishwa katika Sura ya Al-An'am kwamba ndege warukao kwa mbawa zao ni umma kama sisi. Na tumesimuliwa katika hadithi sahihi habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Paka yule alikuwa mmoja. Mimi sijui vipi mtu asomaye hadithi hiyo anaweza kuipita trei ya mayai bila ya kusita hata kidogo, na sijitoi katika lawama hiyo, kwani mayai hayo nami nimeyala miaka mingi pasi na kuuliza yalikotoka.

Ndugu zetu Wakristo, ambao katika Changamwe tunaishi nao mlango kwa mlango tangu reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mnamo 1896 na kazi za reli na bandari kuwaleta watu wa makabila yote, wanayo katika Injili taswira ambayo sijaona ya kuipita kwa upole: Nabii Isa, akiulilia mji wa Yerusalemu, anajifananisha na kuku anayetaka kuwakusanya vifaranga chini ya mbawa zake. Maneno hayo waliambiwa watu waliokuwa wakimwona kuku huyo kila siku mbele ya milango yao. Mtoto wa leo aliyezaliwa katika ghorofa, ambaye kwake kuku ni kitu kilichofungwa katika mfuko wa plastiki na kuwekwa ndani ya friji, atayasikia maneno yale kanisani na hatajua mama yule huinamaje, hutandazaje mbawa, hulia mlio gani anapomwona mwewe, na kwamba vifaranga kumi na wawili huweza kutoweka chini yake kana kwamba hawakupata kuwapo. Sehemu ya ufahamu wa dini huja kwa macho, na uani ndiko macho ya watoto wetu yalikokuwa yakisoma.

Niseme sasa habari ya Changamwe, maana kisa cha panya kimeandikwa juu ya ardhi hii kwa herufi kubwa. Mji wa kisiwani ulipotaka mafuta, kiwanda cha kusafishia mafuta kilisimamishwa huku, kikaanza kazi 1963 na kuendelea hadi 2013 kilipoacha kusafisha mafuta ghafi. Matangi bado yapo. Ulipotaka umeme, mitambo ya dizeli iliwekwa Kipevu. Maji taka nayo yalipohitaji pa kusafishiwa, pakapatikana pale pale Kipevu. Na huko Owino Uhuru, upande wa Mikindani, kiliachiwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kifanye kazi ubavuni mwa vyumba vya watu, mpaka risasi ikaingia katika damu ya watoto. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mnamo Julai 2020, hukumu ikatenguliwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Nayataja haya bila ya kusudi la kumwambia kijana wa zamu kwamba kelele za jogoo ni ndogo zikilinganishwa na sumu, kwani anayekosa usingizi hafarijiwi kwa kuambiwa kuna wanaokufa. Nayataja kwa sababu neno "adha kwa umma" lina uzito, na mamlaka inayolitumia haina budi kulipima kwa mizani moja. Mjane alipewa siku kumi na nne. Nauliza kwa uchungu, na ninataka jibu: wale wengine walipewa siku ngapi?

Wapo wanaopinga kwa hoja ya uchafu na maradhi, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kuku anayezurura huingia mitaroni na kula kila alionalo. Fakihi wa kale walimjua kuku huyo, wakampa jina, jallala, mnyama alaye najisi. Na katika madhehebu yetu kauli yenye nguvu, aliyoichagua Imamu Nawawi, ni kwamba nyama yake ikibadilika kwa uchafu huwa ni makruhu mpaka alishwe kilicho safi hata itengenee. Imepokewa kwamba Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu. Wazee wetu wa pwani waliishika desturi hiyo, na mimi nilipokuwa mdogo niliona kuku akifungwa mguu kwa kamba chini ya mpapai, akipewa mtama na maji safi kabla ya siku ya kuchinjwa, nikadhani ni kumnenepesha. Sharia ilipokabiliwa na uchafu wa kuku haikumfukuza mjini. Ilimweka mahali pamoja na ikamtaka mwenyewe amhudumie, na humo mna sheria nzima ya kaunti kwa anayetaka kuiandika: tundu lenye sakafu inayofagiwa, kuku asiyetoka kwenda mtaroni, chakula kisichoachwa usiku kikawaita panya, mbolea inayokusanywa ikafukiwa kwenye mchicha badala ya kurundikwa ukutani kwa jirani.

Maradhi nayo hupungua kwa kuonekana na huzidi kwa kufichwa. Kideri, ambacho wenzetu wa Tanzania hukiita mdondo, huweza kufagia matundu ya mtaa mzima kwa siku chache, na kinga yake ni tone moja la chanjo katika jicho la kila kuku, likirudiwa kila baada ya miezi michache. Lakini chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi, na ikishafunguliwa haikai. Mwenye kuku saba akiinunua peke yake atamwaga sehemu kubwa. Basi dawa yenyewe inawataka majirani wakusanyike siku moja, kila mtu na kuku wake kwapani. Na jambo hilo halifanyiki pale ambapo kumtoa kuku mlangoni ni kujitia hatiani. Mjane wetu hakupata kuwachanja kuku wake hata mara moja, si kwa ujinga wala ubahili. Alichelea kuonekana. Homa ya ndege nayo ni jambo la kuogofya kweli. Ilipodhihiri Uganda, kandoni mwa ziwa, mwanzoni mwa 2017, kila serikali ya jirani ilitaka kujua kuku wako wapi, na serikali haiwezi kujua walipo kuku iliokwisha kuwaambia watu kwamba hawapaswi kuwapo.

Kampala walilitambua hilo kabla yetu. Baada ya mashauriano marefu baina ya wataalamu, maofisa wa jiji na wafugaji wenyewe, jiji lile lilipata mwaka 2006 kanuni zake za kilimo na mifugo ya mjini, zikimtoa mfugaji katika hesabu ya wahalifu na kumtia katika hesabu ya wenye vibali. Nairobi nayo ilitunga 2015 sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini. Na wala Mombasa haiwezi kusema kwamba jambo hili haikulisikia, kwa sababu Taasisi ya Mazingira ilipofanya utafiti wake mnamo 1985 katika miji sita ya Kenya, Mombasa ikiwa mmojawapo, ilikuta kwamba kiasi cha jamaa 29 katika kila 100 walikuwa wakizalisha chakula ndani ya mji walimokaa. Miaka takriban arobaini imepita. Watu hawakuacha. Wamejifunza kunyamaza tu, na kuku wao wakafichwa chini ya vitanda na nyuma ya mapipa, jambo ambalo ni baya kwa watu na baya zaidi kwa kuku.

Nimebakiwa na jogoo, na hapa ninaandika kwa huzuni. Mtume ametufundisha kwamba tusikiapo jogoo akiwika tumwombe Mwenyezi Mungu katika fadhila zake, kwani ameona malaika. Na amekataza kumtukana, kwa kuwa huamsha watu kwa sala. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikiamka kwa jimbi la pili, nikimsikia marehemu baba akitia udhu kizani, na mpaka leo sauti ile hunipasua moyo kwa namna nisiyoweza kuieleza. Nikiamua kwa mapenzi yangu, kila ua ungekuwa na jogoo. Lakini tetea hutaga bila ya jogoo. Mayai hayo hayaanguliwi, ila huliwa kama mengine. Riziki ya mjane basi haisimami juu ya jogoo, na usingizi wa kijana unaanguka kwa sababu yake. Hadithi imenikataza kumtukana; haikuniruhusu kumlazimisha mwenzangu. Kwa hiyo katika ombi tuliloliandika nimekubali kwamba jogoo asikae pale ambapo kuta zimegusana, isipokuwa kwa ridhaa ya wote wanaomsikia, na kwamba wenye kutaka vifaranga washirikiane jogoo mmoja katika shamba au ua ulio mbali na vyumba. Baadhi ya wenzangu wamenilaumu kwa sharti hilo. Wanasema nimeanza kwa kutoa. Huenda ni kweli, lakini sikuona njia ya kumwomba jirani kitu huku nimemshika kooni.

Sharti la pili nililoling'ang'ania ni la ua wa shirika. Haifai sheria impe ruhusa mwenye bustani yake na kumnyima mwenye chumba kimoja, wala haifai mpangaji mmoja awafugie wenziwe watano kuku wasiowataka. Nimependekeza waulizwe wote wa ua ule, ridhaa yao iandikwe, na kuku wawe wachache kwa kadiri ya nafasi. Mpango wa kaunti wa kuyabomoa majumba ya zamani ya baraza, ya Changamwe yakiwemo, na kusimamisha maghorofa mahali pake, umelifanya suala hili liwe la haraka kuliko linavyoonekana. Kwani ghorofa lisipopimiwa kipande cha ardhi cha pamoja leo, wajukuu wa mjane huyu hawatakuwa na ua wa kugombania.

Nilimrudia mama siku ya nne. Nilimwambia kuwa kuwafuga si dhambi, na kwamba kama ipo iliyompasa kutubia, ni kuleta jogoo ukutani kwa mtu bila ya kumwuliza, jambo ambalo yeye mwenyewe angelichukia. Alinyamaza kitambo, akasema: "Hilo kweli, mwanangu yule sikumwuliza." Jogoo alikuwa amekwisha kumfungia, siku ya kwanza katika zile tatu, chini ya tenga lililopinduliwa, pamoja na kibakuli cha mahindi. Matetea bado wapo. Muda wa ilani umeongezwa kwa hisani ya afisa mmoja aliyekubali kuja kutazama tundu kwa macho yake.

Ombi letu lina saini arobaini na moja. Nilimpelekea kijana wa zamu nakala yake kabla ya wengine wengi, kwa kuwa nilitaka alisome akiwa na nafasi ya kulikataa. Alilisoma lote akiwa amesimama mlangoni, akarudi nyuma na kusoma tena mahali palipotajwa jogoo, kisha akaomba aachiwe mpaka Ijumaa. Ijumaa mbili zimepita. Tunaonana, tunasalimiana, na jana alimsaidia mama kuingiza gunia la pumba. Karatasi hajairudisha, nami sijamwuliza.